Siku ya Sataranji tuipeleke kartie za Katuba na Kenya, Lubumbashi

Bwana mhariri, jambo sana.

Naomba nafasi kidogo niongee juu ya sataranji, maana tarehe 20 mwezi wa saba ndo Siku ya Sataranji Duniani na mi naona huku kwenye ma kartie ya Lubumbashi inapitaka tu kimya, na inaniuma kweli. Ile tarehe haikuokotwa. Ni siku FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, lilizaliwa Paris mwaka 1924, wachezaji wakaanza kuisherehekea 1966, alafu 2019 Umoja wa Mataifa nao ukaipitisha. Mwaka 2024 FIDE ilipotimiza miaka 100, dunia nzima ilicheza mechi zaidi ya milioni 7 ndani ya saa 24, zingine kwa intaneti, zingine watu wamekaa uso kwa uso.

Sasa ombi langu ni hili, sisi tusiifanyie hiyo siku kwenye sale ya hoteli na hotuba za wakubwa, tuilete pale wanapochezea dama. Pitia kartie ya Kenya ao Katuba jioni utakuta vijana wameinamia ubao, vifuniko vya chupa vinagongwa, na wenye kusimama nyuma ndo wanabishana kuliko hata wachezaji wenyewe!! Watu kama hao wameshazoea kuhesabu hatua tatu nne mbele. Mwonyeshe farasi anarukaje, mwonyeshe pioni ikifika mustari wa mwisho inageuka malkia, basi, utaona mwenyewe hatataka kutoka hapo.

Na mtu asiseme vifaa ni bei kali. Chora miraba 64 kwenye karton, tafuta vifuniko 32, nusu rangi moja nusu rangi ingine, andika juu kwa kalamu nene R ya mfalme, D ya malkia, T ya ngome, F ya askofu, C ya farasi, P ya pioni, vile batoto wanasomaka kwa Kifaransa shuleni, mchezo umekamilika. Courant (umeme) ikikatika haitusumbui. Mwezi wa saba shule zimefunga, mvua hakuna, ni baridi tu ya asubuhi, saa nne jua likitoka ubao unaweza kukaa nje mpaka jioni.

Ila mabinti nao wapewe kiti, nasisitiza hapo, maana pa dama unawaona wanaume tu. Jirani zetu Uganda wana Phiona Mutesi, msichana wa Katwe pale Kampala, mtaa wa shida kabisa, na mwaka 2010 alikuwa Urusi anachezea inchi yake kwenye Olimpiadi ya sataranji. Hata huku kartie ya Ruashi wako mabinti wa akili hivo, bado tu hajatokea mtu wa kuwaonyesha ubao.

Na ninyi wa gazeti, tafadhali, mtuwekee kila juma picha moja ya ubao, nyeupe acheze amfunge mfalme kwa hatua mbili, jibu litoke juma linalofuata. Muanze mwezi wa sita ili tarehe 20 ikifika watu wawe wameshashika.

Musomaji wenu, Kamalondo