Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Siku ya Huduma kwa Jamii

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina, na mahudhurio ya vikao yamo kwenye kumbukumbu za katibu. Mimi nitajikita kwenye jambo lililobeba sehemu kubwa ya mwaka wa chama, yaani siku ya huduma kwa jamii. Niseme wazi tangu mwanzo kwamba watu tunao. Tunachopungukiwa ni kazi iliyoandaliwa. Mtu aliyekuja kwa moyo wake wote akisimama saa nzima kungoja toroli, mwaka unaofuata haji, na hatuna haki ya kumlaumu.

Ukaguzi wa eneo

Nehemia wa kwenye Biblia alipofika Yerusalemu alikaa siku 3, kisha akatoka usiku na watu wachache kukagua kuta zilizobomoka, na hakumwambia mtu neno mpaka alipojua ukubwa wa kazi. Barua za mfalme za kumruhusu kupita, na ya kupewa mbao, alikuwa ameshaziomba kabla hajaanza safari. Sisi mpangilio wetu umekuwa kinyume chake: kwanza tangazo kanisani, halafu fulana, na mwisho ndipo tunaulizana tutafanya nini.

Kamati imekubaliana kwamba ukaguzi utafanyika si chini ya wiki 8 kabla ya siku yenyewe. Wataenda watatu: mwenye ujuzi wa ujenzi, mwenye ujuzi wa afya, na mmoja wa wanaolitumia eneo hilo kila siku. Waende na futi kamba na daftari, wapime urefu, upana na kina, waangalie maji yanapatikana wapi, choo kiko wapi, kivuli kipo au hakuna, na taka zitamwagwa wapi kwa ruhusa ya nani. Ruhusa ya mwenye eneo iwe ya maandishi, na iseme nani atapokea kazi ikikamilika.

Swali ambalo halipaswi kusahaulika ni hili: kazi hii kwa kawaida hufanywa na nani, na kwa nini imesimama? Mtaro ukiwa umeziba kwa sababu jirani hakuna pa kutupa taka, tukiuzibua utaziba tena baada ya mvua chache, na dawa yake ni jalala la karibu. Na kama kuna mtu anayelipwa kufanya kazi hiyo, tukiifanya bure tunaweza kumnyang'anya riziki yake huku tukidhani tunahudumia. Bora tumuulize yeye anakosa nini. Mara nyingi ni vifaa.

Mtaro wa maji

Nauzungumzia mtaro kwa kirefu kwa sababu ndiyo kazi inayoombwa sana na ndiyo inayoharibika kwa urahisi kuliko zote. Mtaro usio na mteremko ni dimbwi refu la kuzalisha mbu. Kipimo cha kuanzia ni kushuka sentimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo mtaro wa mita 20 unatakiwa ushuke sentimita 20 kutoka mwanzo hadi mwisho. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo, hasa penye nyasi.

Pima kwa mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, urefu wa mita 10 hadi 15, uliojazwa maji. Funga kila ncha kwenye fito yenye alama za sentimita, simamisha fito moja mwanzo na nyingine mbele, ngoja maji yatulie, kisha soma. Maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, hivyo tofauti ya alama ndiyo tofauti ya ardhi. Kosa la kawaida ni povu la hewa lililonaswa katikati ya mpira, ambalo linasukuma maji upande mmoja na kudanganya kipimo kizima. Kabla ya kuanza, weka ncha mbili pamoja ubavu kwa ubavu. Maji yasipolingana, gongagonga mpira mpaka povu litoke. Kidole kisiachwe kimeziba ncha wakati wa kusoma. Hilo nalo huharibu kipimo.

Uchimbaji uanzie chini, kule maji yatakakotokea, uendelee kwenda juu. Mkianzia juu na mvua ikanyesha kazi haijaisha, maji yote yatasimama penye wachimbaji. Udongo utupwe angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, la sivyo mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Kina kisizidi mita 1 kwa watu wa kujitolea. Zaidi ya hapo kingo zinaweza kuporomoka na kumfukia mtu, na kazi hiyo ni ya mafundi wenye mbao za kuegemeza.

Sasa hesabu ya mikono. Mtu asiyezoea jembe huchimba karibu mita 1 ya ujazo ya udongo laini kwa asubuhi moja. Mtaro wa upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 50 una mita 1 ya ujazo kila baada ya mita 4, kwa hiyo mita 20 ni kazi ya wachimbaji 5 wa kweli, wakisaidiwa na wenye makoleo. Udongo ukishachimbuliwa huvimba kwa takriban robo, na toroli la kawaida hubeba lita 60 na kidogo, kwa hiyo kila mita 1 ya ujazo ni safari 20 hivi. Mita 20 za mtaro ni safari 100. Toroli moja halitoshi, na hapo ndipo foleni inapoanzia. Weka toroli 3 kwa kundi kama hilo, na pampu ya upepo karibu, maana toroli lenye gurudumu bapa ni sawa na kukosa toroli. Wenye sululu wapeane nafasi ya mita 2.

Rangi

Lita 1 ya rangi ya maji hutosha karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwenye ukuta laini, na pungufu ya hapo kwenye plasta ghafi inayonyonya. Chumba cha mita 8 kwa 6 chenye kuta za mita 3 kina mita 84 za mraba; toa milango na madirisha, tuseme mita 14, zinabaki 70. Mikono miwili ni 140, yaani lita 14. Nunua 16, zote za kundi moja la kiwandani, kwa sababu makopo ya makundi mbalimbali huweza kutofautiana kidogo na alama ya maungio ikabaki ukutani.

Rangi hubanduka kwa sababu ya vumbi, unyevu na chokaa iliyo chini yake. Kukwangua na kuosha kufanywe siku iliyotangulia na kikundi kidogo, ukuta ukauke usiku. Mkono wa kwanza unahitaji muda wa saa 2 hadi 4 kukauka kabla ya wa pili, kwa hiyo ukianza saa 5 asubuhi, wa pili hautakamilika. Plasta mpya iachwe wiki 4. Rangi kuukuu kwenye majengo ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, hivyo isipigwe msasa mkavu. Ilowanishwe kwanza, na watoto na wajawazito wakae mbali.

Chumba kimoja kinatosha watu 4: wawili wa brashi pembezoni, wawili wa rola. Wa 5 na kuendelea wanakanyagana na kuangusha ndoo. Ngazi iegemezwe kwa uwiano wa 4 kwa 1, kwamba kila mita 4 za kupanda, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike chini.

Usafi wa majengo ya afya

Hapa tufuate maelekezo ya wahudumu wa kituo. Nyuso zioshwe kwanza kwa sabuni na maji, ndipo dawa ya klorini ifuate, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijafikia vijidudu. Kwa klorini ya maji ya asilimia 5, mililita 200 ndani ya ndoo, ongeza maji baridi hadi lita 10, unapata asilimia 0.1. Paka, acha uso uwe na majimaji dakika 10, kisha futa. Ichanganywe siku ileile. Kamwe isikutanishwe na dawa ya kuoshea choo yenye asidi wala yenye amonia. Hutoa gesi ya kuumiza mapafu, na vyoo vyetu vingi havina dirisha la maana. Sindano iliyoonekana sakafuni haiokotwi na mtu wa kujitolea. Aitwe mhudumu.

Kuna pendekezo la kuchangia damu siku hiyohiyo. Nimeliunga mkono jambo lenyewe, si tarehe. Mtu aliyetoka kutoa damu mililita 450 anashauriwa asifanye kazi nzito siku hiyo, nasi tungempa sululu. Liwe na siku yake, pamoja na wahudumu wa benki ya damu.

Watu

Kila watu 10 wawe na kiongozi mmoja, na kiongozi huyo hachimbi. Kazi yake ni kuangalia nani amechoka, nani hana glavu, kazi gani inafuata. Tumezoea kumpa uongozi mchapakazi kuliko wote, naye anainama na jembe, kundi linabaki bila macho.

Juani kila mtu anywe kikombe cha maji kila dakika 20, jambo linalofikisha karibu lita 4 kwa saa 5 za kazi. Wazee wetu hawaombi maji, wapelekewe. Kila eneo liwe na sanduku la huduma ya kwanza na mtu mmoja anayejua kulitumia. Jeraha la udongo au kutu lioshwe kwa maji mengi na sabuni, na mhusika apelekwe kuulizia chanjo ya pepopunda, hata kama anasema si kitu. Mtoto asiwe peke yake na mtu mzima mmoja mahali pasipoonekana, hata kama mtu huyo tunamfahamu miaka yote.

Kuhusu picha, zipigwe za ukuta na mtaro, kabla na baada, kutoka mahali palepale. Mwenye shida asipigwe picha akipokea msaada wetu bila ridhaa yake, na ridhaa inayoombwa mbele ya umati si ridhaa.

Tarehe na baada yake

Baadhi yenu mmeomba siku iwe tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Ni tarehe nzuri ya tangazo, lakini tarehe iamuliwe na kazi. Mtaro huchimbwa kabla ya mvua, mti hupandwa mvua zikianza, rangi hutaka ukavu. Hizo haziwezi kuwa siku moja, na ninaona kheri tuwe na siku mbili ndogo zilizoandaliwa kuliko moja kubwa ya vurugu.

Naomba mkutano uamue mambo matatu. Kwanza, theluthi ya bajeti ya huduma itengwe kwa ajili ya matunzo, na eneo likaguliwe siku ya 30 na siku ya 90. Pili, vifaa vyote vihesabiwe wakati wa kutoka na wa kurudi, vioshwe na kupakwa rangi moja mipinini. Tatu, asialikwe mtu kabla kazi haijapimwa. Fomu ya ukaguzi iko kwa katibu. Anayejua eneo lenye uhitaji aijaze, vipimo vikiwemo, na kuirudisha kabla ya kikao cha kwanza cha kamati.

Wenu katika huduma,
Mwenyekiti