Kabla ya Weeks kulikuwa na daktari

Mhariri,

Makala yenu kuhusu misitu ya taifa ya mashariki mwa Marekani nimeisoma kwa furaha, lakini imeanzia katikati. Mmeandika kana kwamba Sheria ya Weeks, ile iliyoiruhusu serikali kununua ardhi ya mashariki iwe misitu ya taifa, ilizaliwa siku Rais Taft alipoitia saini, Machi 1, 1911, na sifa zote mkamwachia mbunge John Weeks. Simnyimi haki yake. Ila alipoingia bungeni mwaka 1905, raia walikuwa wameshapiga kelele kwa miaka sita, na chama kilichoanzisha kelele hizo kikavunjika mwaka huohuo kwa kuchoka.

Chama hicho kiliundwa Asheville, North Carolina, Novemba 1899. Aliyekisukuma ni Daktari Chase Ambler, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu waliofuata hewa safi ya milimani. Pamoja na wafanyabiashara wa mji wakadai hifadhi ya taifa katika Milima ya Appalachia. Tusiwafanye malaika: mlima uliokatwa miti hauleti mgeni hotelini, na hilo walilijua vizuri. Bunge likatenga dola 5,000 za uchunguzi, basi.

Ugumu ulikuwa huu. Kule magharibi ardhi ilikuwa ya serikali, na tangu 1891 rais aliweza kutenga msitu kwa tangazo tu. Mashariki kila mlima ulikuwa na mwenyewe. Serikali ingelazimika kutoa fedha kuununua. Spika Joseph Cannon hakutaka kusikia habari ya kutoa hata senti moja kwa ajili ya mandhari.

Hapa ndipo werevu wa wale watu ulipo, nanyi mmepapita mbio. Mwaka 1903 chama kilibadili jina lake: kikaacha kudai mbuga ya kupendeza, kikadai hifadhi ya msitu. Uzuri wa mlima ukawekwa kando, yakazungumzwa maji: kwamba msitu wa mlimani ndio unaotunza mto ulio chini yake. Katiba ililikabidhi Bunge mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo, na mito inayopitika kwa vyombo imo humo. Basi msitu ukaingia bungeni kwa mlango wa mto.

Kaskazini zaidi, New Hampshire walikuwa na ushahidi wa macho. Jimbo lilikuwa limeiuza milima yake mwaka 1867 kwa bei ya kutupa. Wakataji walichukua magogo, wakaacha matawi na vilele vimelundikana hadi vikakauka; cheche moja ya garimoshi la magogo ilitosha. Mwaka 1903 moto ulikula maeneo makubwa. Na kule juu si miti tu inayoungua. Udongo wenyewe ni tabaka jembamba la majani na mizizi iliyooza, nao huwaka. Moto ukizimika hubaki jabali tupu, na mvua ikinyesha hakuna cha kuishika.

Chama cha Kulinda Misitu ya New Hampshire, kilichoundwa 1901, kiliajiri mtaalamu wa misitu, Philip Ayres, akawa anazunguka kuhutubia watu. Vilabu vya wanawake viliunga mkono. Wenye viwanda vya nguo kando ya mto Merrimack, unaotoka milima hiyo, ambao mitambo yao iliendeshwa na maji hayohayo, nao hawakuweza kulipuuza jambo hili. Halafu Machi 1907 mto Monongahela, unaotoka Milima ya Appalachia, ukafurika, na hasara ikaonekana hadi Pittsburgh.

Nakiri hoja yao ilitiwa chumvi. Mwaka 1910 mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa, Willis Moore, alitoa ripoti akipinga kwamba misitu huzuia mafuriko makubwa, na wahandisi wa jeshi walikuwa na mashaka yao pia. Kwa mafuriko makubwa kabisa, wapinzani hawakuwa wajinga. Lakini kuhusu udongo ulioporomoka na mito iliyojaa tope hakuna aliyehitaji ripoti. Mtu angekwenda tu kutazama.

Kwa hiyo mkiichapa tena makala ile, picha ya Weeks iacheni palepale. Ila aya ya kwanza ianzie Asheville, 1899, na jina la Daktari Ambler liandikwe kamili.

Msomaji wenu wa siku nyingi