Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Australia: Mrudisheni bibi huyu kwao

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga. Kazi yangu ni kusafisha damu za wagonjwa wa figo katikati ya Australia. Naandika kwa Kiswahili ili na ndugu zangu wasome. Nakala ya Kiingereza nimeileta ofisini kwako.

Yupo bibi mmoja wa Kiaborijini ninayemhudumia. Kwao ni jangwani, mwendo wa kutwa kwa gari katika barabara ya vumbi. Mara tatu kwa wiki anakaa kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne hadi tano, sindano mbili mkononi, uso ameuelekeza dirishani. Mwaka jana dada yake alifariki kijijini. Matanga ya kwao si ya siku moja, watu hukaa hata wiki kadhaa. Akienda, atakosa kusafishwa damu, maji yatamjaa mapafuni na potasiamu, chumvi ya damuni, itapanda mpaka moyo usimame. Akibaki, hakumzika nduguye. Alikwenda. Siku ya sita akarudishwa kwa ndege, pumzi haivutiki. Mimi mtu wa Pwani, ningemlaumu kwa lipi?

Mheshimiwa, dawa ya jambo hili ipo, na walioitafuta ni Waaborijini wenyewe. Mwaka 2000 wachoraji wa Kintore na Kiwirrkurra, vijiji vya jangwani, walitoa picha zao zikanadiwa Sydney, zikaleta zaidi ya dola milioni 1. Ndipo likazaliwa shirika linaloitwa leo Purple House, na mwaka 2004 wagonjwa wakaanza kusafishwa damu palepale Kintore, zaidi ya kilomita 500 kutoka mji wa Alice Springs. Wazee walirudi kwao kwa rangi na brashi zao. Medicare, bima ya afya ya serikali, ilikuja kuweka malipo maalumu ya huduma hiyo huko mbali mwaka 2018.

Malipo hayo yamesaidia sana, nayaona kazini. Ila hayajengi nyumba. Kijijini kwa bibi huyu chumba kipo na mashine ipo, imefunikwa shuka, kwa sababu muuguzi hana pa kulala. Watu wanadhani shida ni mashine! Shida ni nyumba ya vyumba viwili na fundi wa mtambo wa kuchuja maji, maana kila mgonjwa akikaa kitini zinakwenda zaidi ya lita 100 za maji safi, na ya visima vya huko yana chumvi.

Naomba fedha za nyumba hizo zipitie mashirika ya Waaborijini wenyewe, tena kwa mkataba wa miaka mingi, wasiwe wanaomba upya kila bajeti. Na kila kijiji chenye mashine kiachiwe kiti kimoja cha mgeni, kwa ajili ya mtu aliyekuja msibani.

Bibi bado anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nikimchomoa sindano huniuliza kama kijijini ameshapatikana muuguzi. Nipe jibu nimpelekee.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa figo