Vijana wa Tanga watengewe nafasi za uanagenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa ajira kwa vijana wa Tanga. Kila nikisoma habari za upanuzi wa bandari yetu, au za bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, huwafikiria vijana wa Makorora, Mwanzange na Msambweni wanaoziona kazi hizo kwa mbali.

Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea, tena mwenye cheti. Hutengeneza magrili ya madirisha chini ya mwembe, amevaa miwani ya jua kwa sababu hana ngao ya uso. Mwaka jana alipeleka bahasha yake ya maombi ya kazi kwenye kampuni moja, akaulizwa uzoefu wa miaka 3. Ataupata wapi? Mwenye ndugu ndani huingizwa kwa simu moja. Huyu hana wa kumpigia, na hata nauli ya daladala ya mwezi mzima ni mtihani kwake.

Naishauri Halmashauri ya Jiji ikae na bandari, viwanda na makandarasi, wakubaliane kutenga nafasi za uanagenzi, yaani kujifunza kazi chini ya fundi mzoefu, za miezi 6, zibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, si mtandaoni pekee. Nauli na chakula vilipwe. Najua ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ni jambo jema, lakini mkopo haumpi kijana fundi mzoefu wa kumwelekeza kazini.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga