Wajiandikishe wanapolala

Ubungo, Dar es Salaam
13 Oktoba 2024

Shoga yangu Mwajuma,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, watoto wazima, ila joto limeshaanza kutunyima usingizi. Nilitaka nikupigie, nikaona simu haitatosha. Maneno yenyewe ni marefu, na nakujua ukiwa na mitihani ya kusahihisha unanisikiliza nusu nusu.

Unaikumbuka tarehe 31 Oktoba 2010? Ilikuwa Jumapili. Sisi tulikuwa tumejiandikishia palepale chuoni, halafu mwaka ule vyuo vikachelewa kufunguliwa mpaka uchaguzi ukapita. Mimi nilikuwa nyumbani Tukuyu. Nilivaa gauni la kanisani, kadi ya mpiga kura nimeifunga kwenye leso, nikaongozana na mama hadi kituoni, shule ya msingi niliyosoma mwenyewe. Nikaisoma ile orodha iliyobandikwa ukutani mara tatu, kidole kikishuka jina kwa jina. Jina langu lilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800. Mama akaingia kupiga, mimi nikamsubiri chini ya mti. Alitoka na wino kidoleni, akaniangalia, hakuniuliza kitu. Tukarudi kimya.

Mwaka ule nchi nzima walijiandikisha kama milioni 20, waliopiga kura hawakufika hata milioni 9. Kila nikisikia watu wakiitaja hesabu hiyo kuonyesha kwamba Watanzania ni wavivu wa kupiga kura, namuona yule binti chini ya mti na kadi yake ndani ya leso.

Sasa ndiyo sababu ya barua. Uandikishaji wa uchaguzi wa serikali za mitaa ulianza juzi Ijumaa tarehe 11, unafungwa tarehe 20. Kura ni tarehe 27 Novemba. Vijana wengi wa vyuo vikuu bado wako makwao. Wakijiandikisha Songea au Kibondo, siku ya kura watakuwa huku darasani. Yaani yaliyotupata sisi yanarudi, safari hii kwa kugeuzwa. Lakini wewe wanafunzi wako wa diploma wameshafungua, wako hapa hapa Dar, na watakuwa hapa Novemba. Hao ndio nakuomba uwasemeshe kabla wiki haijaisha.

Waambie kwanza kwamba kadi waliyonayo haiwasaidii kitu kwenye huu uchaguzi. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Juzi kijana mmoja, fundi wa kompyuta, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alinionyesha kadi yake kwa kujiamini kabisa: "Anti, mimi nilishajiandikisha." Hiyo ni ya Daftari la Kudumu, ya kumchagua rais, mbunge na diwani, na uboreshaji wa daftari lenyewe kwa Dar haujafika bado. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake. Unakwenda kituoni mtaani unapoishi, unataja jina na umri, unasaini, basi. Hakuna picha wala alama za vidole. Inatosha uwe raia, mwenye akili timamu, umetimiza miaka 18 na uwe mkazi wa mtaa huo. Vituo viko wazi mpaka saa 12 jioni, kwa hiyo hata anayetoka darasani saa 10 anawahi.

Neno "mkazi" ndilo linalowakwamisha. Wanafunzi wanajiona wapita njia. Yule binti anayepanga chumba chetu cha uani ana mwaka wa pili hapa. Mwezi uliopita mdogo wake alikuwa anajaza fomu ya mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo, akahitaji muhuri wa serikali ya mtaa. Akaja mlangoni kwangu: "Anti, hivi mwenyekiti wa huku anaitwa nani? Ofisi iko wapi?" Ofisi iko nyuma ya duka anakonunua vocha kila siku! Sikumcheka, Mwajuma. Na mimi enzi zile nilikuwa hivyo hivyo. Nilidhani mtaa wangu uko Tukuyu, na huku nimekuja tu kusoma.

Nikueleze kilichotokea kwenye mkutano wa mtaa wetu mwaka jana, ndipo utajua kwa nini naumia. Kuna kichochoro kinachotoka barabarani kwenda kwenye magheto ya wanafunzi, giza tupu, wameshanyang'anywa simu na laptopu humo mpaka tumezoea kusikia kelele. Ajenda ilikuwa taa na njia ya walinzi shirikishi. Zilikuwepo fedha za taa chache tu. Tulikuwa watu kama arobaini kwenye viti vya plastiki, wengi wazee wenye nyumba, na kila mzee akasimama kuomba taa iwekwe mbele ya geti lake, kama ambavyo ningefanya mimi. Nilisimama nikakitaja kichochoro. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akauliza, "Hao wanaopita huko, nani yuko hapa aseme?" Watu wakageuka kuangalia nyuma. Hakuwepo hata mmoja. Taa zikaenda kwingine. Hadi leo kile kichochoro ni giza, na binti wa uani akitoka kujisomea usiku ananipigia nimmulikie tochi.

Najua watakachokujibu, kwa sababu na mimi hunijibu hivyohivyo: kura haibadilishi kitu. Usiwabishie kwa haraka. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, mitaa mingi watu wakapita bila kupingwa. Mwaka 2020 kati ya waliojiandikisha milioni 29 na zaidi, walipiga kura kama milioni 15. Vijana wameyaona hayo wakiwa sekondari, wana haki ya kununa. Lakini mtaa si jimbo. Watu wake ni wachache, na magheto ya kichochoro kimoja yakijiandikisha yote, mgombea atalazimika kupita humo kuomba kura, tena apite usiku aone.

Na asiyetaka kusikia habari za kura, mwambie habari za fedha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wanafunzi wako wakimaliza watahangaika na mitaji, na mlango wenyewe unaanzia huku chini, kwenye mtaa na kata. Mwananchi ana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Mwenye miaka 21 na kuendelea anaweza hata kugombea, mradi chama kimdhamini.

Kesho ni Nyerere Day, hawana vipindi. Mimi nimeshakubaliana na binti wa uani na wenzake wawili, saa 2 asubuhi tutoke pamoja tukishamaliza chai. Nimewaahidi chapati ili wasighairi. Wewe andika kwenye grupu la darasa lako leo usiku, kisha Jumanne uwaulize mmoja mmoja wamejiandikishia mtaa gani.

Nipigie Jumanne jioni uniambie wamefika wangapi. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako wa chumba kimoja,
Rehema