Mungu hadaiwi baiskeli

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na Bibi amenieleza kilichokununisha. Anasema hutaki tena kuombea chakula, na ukiulizwa unajibu kwamba Mungu amekula hela yako.

Kama nimeelewa, yule mhubiri mgeni wa mkutano wa injili alisema ukimtolea Mungu atakurudishia mara kumi. Wewe ukavunja kibubu, ukatia shilingi 3,700 zote kapuni, ukaanza kusubiri baiskeli. Kuzidisha unajua, nakupongeza, ila mara kumi yake ni 37,000, na kwa hela hiyo hata ya mtumba hupati.

Sitaki kumsema mtu mzima vibaya mbele yako, lakini hapo hakukufundisha sawa. Maneno aliyoyasoma yamo kweli, Malaki 3:10. Mwombe Bibi akusomee aya nzima, maana huwa inasomwa kwa haraka mpaka kwenye madirisha ya mbinguni. Inasema zaka ziletwe ghalani "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu". Zaka za Waisraeli zilikuwa nafaka, divai na mafuta, na kila mwaka wa tatu, kwa Kumbukumbu la Torati sura ya 14, zililiwa na Walawi, yaani wale waliohudumu hekaluni, pamoja na wageni, yatima na wajane. Kilikuwa chakula cha watu. Baiskeli sijaiona humo.

Halafu kuna yule mjane wa Marko 12, ambaye mlimwigiza Shule ya Jumapili. Yesu amekaa kulielekea sanduku la hazina, anatazama watu wakitia. Matajiri wanatia nyingi. Mama huyu anatia senti mbili, na Yesu anawaita wanafunzi wake kuwaambia kwamba ametia kuliko wote, kwa sababu wenzake walitoa kilichowazidi na yeye ametoa riziki yake yote. Sasa soma mpaka mwisho wa sura, unitafutie alirudishiwa nini. Hutaona kitu. Marko hakuandika kwamba kesho yake alikuta gunia la unga mlangoni.

Mimi huwa najiuliza huyo mama alikula nini jioni ile. Nadhani hata Yesu hakufurahia alale njaa, kwani muda mfupi kabla ya hapo, katika sura hiyo hiyo, alikuwa akiwakaripia waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Kwa hiyo mtu akimwambia Bibi atoe hela ya dawa ili abarikiwe, ujue tangu leo kwamba hilo Yesu alishalikemea.

Basi tunatoa kwa nini, kama haturudishiwi? Jumapili, ibada ikiisha, usikimbilie kucheza. Simama na Bibi kwenye mnada wa sadaka. Utaona asiye na fedha ameleta mkungu wa ndizi, mwingine kuku, mwingine mayai matatu kwenye kibakuli. Mzee mmoja atanunua yai kwa shilingi 5,000, kisha atalirudisha mezani linadiwe tena, na watu watacheka. Mwenye duka angesema huyo mzee amepunjwa. Lakini yeye hakwenda pale kununua yai. Nikiwa na umri wako nami nilidhani mchungaji huondoka na kapu lote. Zile hela wazee wa kanisa huzihesabu pamoja, na Jumapili inayofuata unasikia kwenye matangazo zilikuwa kiasi gani: zinalipa umeme, posho ya mwinjilisti, na bati la mama aliyeezuliwa nyumba na upepo. Mungu mwenyewe haendi dukani.

Ila kipo anachokitaka. Mwombe Babu noti ya 1,000 uitazame: ina picha ya Mwalimu Nyerere. Yesu naye aliwahi kuletewa dinari, akauliza, "Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?" Wakasema ya Kaisari. Akawaambia wampe Kaisari kilicho cha Kaisari, na Mungu kilicho cha Mungu. Sasa fungua Mwanzo 1:27 uone mtu aliumbwa kwa mfano wa nani, kisha uniambie Mungu anadai noti au anakudai wewe. Hata ukinuna bado ni wake, kwa hiyo chakula kiombee tu.

Ile 3,700 sitakurudishia. Ningeweza, lakini ungedhani nimetumwa na Mungu kulipa deni, na mwaka ujao ungevunja kibubu kingine. Uliitoa, imekwenda. Baiskeli tutaizungumza mimi, wewe na baba yako ukirudi. Bibi ameahidi kukupa 200 kwa kila siku utakayomsaidia kuokota mayai na kufagia banda. Utakachotoa humo amua mwenyewe, hata kama ni 50, na usimwambie mtu. Na kama Jumapili moja hutaki kutoa, kaa tu uimbe, hakuna atakayekufukuza.

Mwambie Babu shikamoo yangu. Bibi mwambie hela ya mbolea nimeituma, akaitoe kwa wakala wa pale njia panda kabla ya saa kumi na mbili, maana hufunga mapema.

Mama yako