Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha: gugu karoti haliishi kwa kufyekwa

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mkazi wa Moshono, nafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Nyuma ya banda langu kuna kiwanja cha mtu ambacho hakijajengwa. Masika iliyopita majani yalifika kifuani. Tulilalamika mtaani, mwenye kiwanja akapigiwa simu, na baada ya siku chache wakaja vijana wawili na mafyekeo. Walifanya kazi asubuhi nzima wakaondoka. Mwenye kiwanja aliagizwa kufyeka, na kweli alifyeka. Lakini haukupita mwezi, kiwanja kikawa cheupe kwa maua ya gugu karoti.

Gugu hili si geni kwako. Liliripotiwa hapa Arusha mwaka 2010, na leo liko kando ya barabara, kwenye mitaro na kwenye viwanja vitupu. Majani yake yamechanikachanika kama ya karoti, ndiyo maana likaitwa hivyo. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu hadi 25,000, na tangu kuota hadi kuchanua inaweza kuchukua mwezi mmoja tu au kupita kidogo. Ukilifyeka, shina lililobaki huchipua tena. Ukilifyeka likiwa tayari na mbegu, umezipukutisha mwenyewe: zinaondoka na tope kwenye matairi ya bodaboda, kwato za mifugo na maji ya mvua. Kwa hiyo yule anayesubiri majani yarefuke ndipo afyeke, anatimiza agizo huku akipanda gugu mtaa mzima.

Ng'ombe wakila majani yaliyochanganyika nalo, maziwa huwa machungu, na wakilila kwa wingi huwadhuru. Siku hizi nachambua kila mzigo wa majani ninaonunua. Mama yangu aliling'oa kwa mikono mitupu akidhani ni gugu kama magugu mengine. Mikono ikamwasha na kutoka vipele wiki nzima. Kwa wengine linaleta mafua na kubana kifua.

Ndugu Mkurugenzi, naomba agizo kwa wenye viwanja lisiishie kwenye urefu wa majani. Litaje gugu karoti kwa jina, na liseme ling'olewe na mzizi kabla halijachanua. Mche ukiwa mdogo na udongo ukiwa bado na unyevu, unang'oka kwa urahisi. Uliokwisha kuchanua uwekwe kwenye mfuko palepale, uteketezwe, usikokotwe barabarani wala kutupwa mtaroni. Ukaguzi nao ufuate mvua. Wiki ya tatu baada ya mvua za kwanza, za vuli na za masika, ndiyo wiki ya kupita viwanjani. Ukaguzi wa Juni unakuta mbegu zimeshamwagika.

Wenye viwanja wengi hawaishi hapa. Mwenyekiti wa mtaa awe na namba ya simu ya kila mmoja, na asiyeitika kazi ifanywe na vikundi vya vijana wa mtaa, gharama alipe yeye. Faini peke yake haing'oi kitu.

Na jambo hili nalisema kwa heshima: hifadhi za barabara na maeneo ya wazi ni ya umma, na gugu limejaa huko pia. Mwananchi atalipaje faini ya kiwanja chake huku ng'ambo ya barabara pameachwa? Tuanzie hapo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tunatoka kufanya usafi kila mara, ila tunatoka na fagio na fyekeo. Tupewe glovu na mifuko, na afisa afya au bwana shamba atuoneshe mche mchanga unavyofanana, maana wengi wanaufahamu ukishachanua tu.

Vuli haiko mbali. Kiwanja cha nyuma ya banda langu kimekauka sasa, mbegu zimelala ardhini. Mvua ikinyesha wiki mbili tatu, naomba utume afisa aje akione. Jirani zangu watano wamekubali kuja kung'oa siku hiyo.

Wako katika ujenzi wa jiji letu,
Mfugaji wa Moshono